Vyumba vya Moyo: Kumbukumbu za Somo la Biolojia Kati ya Machinjio ya Shinyanga na Mialo ya Geita

Katika vitabu vingi vya biolojia vinavyotumika shuleni, mioyo ya wanyama wenye uti wa mgongo hupangwa kwa idadi ya vyumba, samaki akipewa viwili, chura na mjusi vitatu, ndege na mamalia vinne, na mwanafunzi anayeukariri mpangilio huo huondoka darasani akiamini kwamba maumbile yalianza na moyo duni wa samaki, yakautengeneza kidogo kwa chura, kisha yakaukamilisha kwa ng'ombe na binadamu. Mpangilio huo una faida yake siku ya mtihani, kwa kuwa ni mwepesi kukumbukwa, lakini una kasoro kubwa: humfanya mnyama mmoja aonekane rasimu ya mwingine, ilhali kila moyo hufanya kazi ndani ya mwili wenye njia yake ya kupumua, joto lake na mwendo wake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba moyo haueleweki ukitenganishwa na kiungo cha kupumulia, na kwamba nchi ya Shinyanga pamoja na ukanda wa dhahabu wa Geita ina karibu kila kitu kinachohitajika kuithibitisha hoja hiyo bila kuagiza chochote kutoka Dar es Salaam.

Kumbukumbu zinazotumika ni za miaka ambayo mwandishi alifundisha biolojia katika shule za sekondari, kwanza Shinyanga na baadaye upande wa Geita, wakati shule za kata zilipokuwa zikiongezeka haraka kuliko maabara na walimu wa sayansi. Mikoa hii ni majirani wenye sura tofauti. Shinyanga ni nchi ya mbuga na ng'ombe, yenye kiangazi kirefu, na madini yake yalianza kuvuma mwaka 1940 almasi ilipogunduliwa Mwadui. Geita, uliofanywa mkoa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Kagera na Shinyanga yenyewe, umepakana na Ziwa Viktoria na umekaa juu ya miamba ya dhahabu, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000 huku wachimbaji wadogo wakiendelea na maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, huko Nyarugusu, Lwamgasa na kwingineko. Familia za wachimbaji zilihama kila iliposikika kwamba dhahabu imetema mahali papya, kwa hiyo darasa moja liliweza kuwa na mtoto wa mfugaji kutoka Kishapu, mtoto wa mvuvi kutoka Chato na mtoto aliyekulia machimboni, na kila mmoja wao alimjua mnyama fulani kuliko kitabu kilivyomjua.

Somo lilianzia kwa ng'ombe kwa sababu rahisi kwamba ng'ombe ndiye aliyekuwapo. Moyo wa ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, ambao uzito wake hukaribia kilo moja au kuizidi kidogo, ulipatikana machinjioni alfajiri, kabla wenye mabucha hawajauchukua pamoja na maini na figo. Wachinjaji walimzoea mteja huyu asiyetaka kukatiwa vipande, na mmoja wao, mzee mwenye utani, alikuwa na swali lake la kila mara: “Mwalimu, leo moyo wa kula au wa kusoma?” Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko alivyokusudia, maana moyo wa kula hukatwa mishipa yake karibu kabisa na shina, wakati moyo wa kusoma hauna thamani usipobaki na aota, ambayo ndiyo ateri kuu inayopeleka damu mwilini, na ateri ya mapafu, na vena kuu zinazorudisha damu iliyotumika, na vena za mapafu zinazorudisha damu iliyokwisha kupata oksijeni. Moyo usio na mishipa hiyo ni nyama tu, kwa sababu hakuna awezaye kuonyesha damu inaingilia wapi na kutokea wapi.

Moyo huo ukilazwa kwenye sinia na kukatwa mkingamo, jambo la kwanza kuonekana ni tofauti ya kuta. Ventrikali, yaani vyumba vya chini vinavyosukuma damu, zipo mbili, na ukuta wa ile ya kushoto ni mnene takriban mara tatu ya ukuta wa ile ya kulia, ambayo imejikunja ubavuni mwa mwenzake. Juu yake zipo atiria mbili, yaani vyumba vya kupokelea damu, ambavyo kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba wanafunzi wengi walidhani ni mafuta yaliyobaki. Kati ya atiria na ventrikali kuna vali, milango inayofunguka upande mmoja, nayo imeshikwa kwa nyuzi nyeupe ambazo kidole cha mtu mzima hakiwezi kuzikata, kazi yake ikiwa kuzuia vali isipinduke kurudi juu ventrikali inapokaza. Wanafunzi waliruhusiwa kuzivuta nyuzi hizo, na baada ya hapo hapakuwa na haja tena ya kuwakumbusha kwamba vali ni kitu cha kweli.

Kisha kulikuwa na mfupa. Kisu kikifuata shina la aota ya ng'ombe aliyekomaa hugonga kitu kigumu, na ukikwangua nyama utaukuta mfupa halisi ndani ya moyo, bapa na uliopinda, unaoegemeza vali mahali msukumo ulipo mkubwa. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba mfupa huo hupatikana kwa farasi na aina fulani ya ng'ombe, lakini wachinjaji wa Shinyanga hawakumhitaji Aristotle, kwa kuwa visu vyao vilikuwa vimekwisha kugonga hapo mara nyingi. Walionyesha pia jambo ambalo kitabu cha darasa hakina nafasi nalo: waya. Ng'ombe humeza majani kwa haraka ili ayacheue baadaye, na akilisha karibu na gereji, ujenzi au machimbo humeza pamoja nayo vipande vya waya na misumari, ambavyo hutulia katika retikulamu, sehemu ya tumbo iliyo jirani kabisa na moyo, ikitenganishwa nao na kiwambo chembamba. Hapo waya unaweza kutoboa hadi kwenye mfuko wa moyo, ukajaa usaha, na mnyama akakonda mwenye mali asijue sababu. Kupe nao huleta ugonjwa uitwao maji moyo, ambao huujaza mfuko huo majimaji, hasa kwa kondoo na mbuzi. Mtoto wa mfugaji aliyeyaona hayo nyumbani alikuwa tayari na somo la anatomia kichwani kabla ya kuandikishwa shule.

Sababu ya kuwa na ventrikali mbili zenye nguvu tofauti ilifafanuliwa vizuri zaidi na machimbo. Duara linapokuwa refu, pampu moja haitoshi kuinua maji kutoka chini hadi juu, hivyo wachimbaji huyatua kwanza kwenye tangi la katikati, kisha pampu nyingine huyapokea na kuyapa msukumo mpya. Damu nayo, ikipita katika kapilari, yaani mishipa midogo kuliko yote ambamo oksijeni hubadilishana nafasi na kabonidayoksaidi, hupoteza msukumo wake mwingi. Mamalia huituma damu mapafuni kwa ventrikali ya kulia, huirudisha moyoni ikiwa imechoka, halafu ventrikali ya kushoto huipa nguvu upya kuelekea mwilini, na mpango huo ndio uitwao mzunguko maradufu. Kwa binadamu mzima mwenye afya, shinikizo la juu upande wa mwili ni takriban milimita 120 za zebaki, na upande wa mapafu ni takriban 25. La muhimu hapa ni tofauti ya namba hizo mbili: ngozi ya ndani ya pafu ni nyembamba mno kuweza kuhimili msukumo unaoifikisha damu kwenye ubongo na miguu, na ikilazimishwa, maji ya damu huvujia ndani ya pafu. Ukuta kamili kati ya ventrikali mbili upo ili pande mbili zenye mahitaji tofauti zisilazimishwe kutumia nguvu moja.

Elimu hiyo ilichukua muda mrefu kupatikana. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto kupitia matundu yasiyoonekana katika ukuta wa moyo, na ulimwengu ukamwamini kwa zaidi ya miaka 1,000, mpaka Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus na Cairo, alipoandika katika karne ya 13 kwamba ukuta huo hauna matundu na kwamba damu haina njia nyingine isipokuwa kupitia mapafuni. William Harvey wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1628, alieleza mzunguko mzima, na jambo ambalo husahaulika ni kwamba alifanikiwa kwa kulinganisha wanyama: moyo wa mbwa ulimwendea kasi mno asiweze kutambua ni sehemu gani inayokaza kwanza, lakini moyo wa samaki, chura na nyoka, ambao hupiga taratibu, ulimruhusu kuona atiria ikikaza na ventrikali ikifuata. Harvey hakuweza kuona damu inavyovuka kutoka ateri kwenda vena, na ni daktari Mwitalia Marcello Malpighi aliyeziona kapilari kwa hadubini mwaka 1661, katika mapafu ya chura. Wanyama ambao mpangilio wa vitabu huwaweka chini ndio waliomfundisha binadamu habari za moyo wake.

Wa kwanza katika mpangilio huo ni samaki. Katika sato, samaki anayepatikana katika karibu kila soko la Kanda ya Ziwa, moyo haupo kifuani bali kooni, nyuma kidogo ya matamvua, yaani yale mashavu mekundu anayopumulia, na mama muuza samaki huuondoa pamoja na matamvua hayo bila kuutazama. Una atiria moja na ventrikali moja, zikitanguliwa na kifuko kinachokusanya damu ya vena na kufuatiwa na kifundo cheupe chenye kunyumbuka, ambacho hupunguza mshtuko wa kila pigo ili nyuzi laini za matamvua zisipasuke. Kwa hesabu hiyo, sehemu zinazopangana kwenye moyo wa samaki ni nne, na hapo tayari kauli ya vyumba viwili inaanza kuonekana ni ya haraka. Damu yote huenda kwenye matamvua, na kutoka hapo huendelea moja kwa moja mwilini bila kurudi moyoni, ikiwa na msukumo uliopungua. Samaki haoni hasara kubwa, kwa sababu mwili wake umebebwa na maji, hana haja ya kuinua damu dhidi ya uzito wake, wala hatumii chakula kujipasha joto. Hasara yake iko kwingine: moyo wenyewe hupokea damu iliyokwisha kutumiwa na mwili mzima, na kwa samaki wengi sehemu kubwa ya misuli ya moyo huishi kwa mabaki hayo ya oksijeni.

Hapo ndipo kamongo anapoingia, na mwandishi anakiri upendeleo, kwa kuwa hakuna mnyama mwingine wa ziwa hili aliyeutikisa mpangilio wa vitabu kama yeye. Kamongo ni samaki mrefu mwenye mapezi membamba yaliyo kama nyuzi, anayeweza kufikia urefu wa mita mbili, mkaaji wa matete na maji yaliyotuama, na ana mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa, na akizuiwa asifike juu hufa maji, kwa kuwa kamongo mkubwa hupata takriban asilimia 90 ya oksijeni yake hewani. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, yuko kinyume chake: ni mwindaji mwenye nguvu anayetaka maji yenye oksijeni nyingi, na akitolewa majini hafiki mbali. Wavuvi wa Geita walilijua hilo kwa mikono yao, maana kamongo aliyetupwa ndani ya mtumbwi usiku aliweza kukutwa mwaloni, yaani mahali pa kushushia samaki, asubuhi akiwa hai na tayari kuuma, wakati sangara wa mtego uleule alikwisha kukauka macho.

Kamongo mmoja aliyepasuliwa mwaloni mbele ya wanafunzi, akiwa amekwisha kukatwa kichwa kwa ajili ya sufuria, alionyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba moyo wake uliendelea kupiga, polepole na kwa mpangilio, atiria kwanza na ventrikali baadaye, hata ulipowekwa peke yake ndani ya kifuniko cha ndoo, na kijana mmoja akauliza ni nani anayeuamuru. Jibu ni kwamba misuli ya moyo hujiamuru yenyewe. Katika wanyama wote wenye uti wa mgongo zipo chembe hai maalumu karibu na mahali vena zinapoingilia ambazo huanzisha kila pigo, na neva za ubongo huongeza au hupunguza kasi tu. Jambo la pili lilihitaji wembe na uvumilivu: ndani ya atiria ya kamongo kuna kiambaza kisichokamilika, ndani ya ventrikali kuna mwinuko wa misuli unaoigawa nusu, na ndani ya mshipa mkuu unaotoka kuna mkunjo uliojisokota, vyote vikisaidia kuitenga damu inayotoka mapafuni na ile inayotoka mwilini. Aidha, baadhi ya matao ya mashavu yake hayana nyuzi za kupumulia, hivyo damu yenye oksijeni hupita hapo bila kuipoteza kwenye maji machafu. Huyu ni samaki kwa magamba na mapezi, lakini moyo wake umekwisha kuanza kugawanyika kwa sababu ana mapafu. Vyumba hufuata pumzi.

Bondo la sangara, ule mfuko wa hewa ambao wafanyabiashara huununua kwa bei inayopita nyama yenyewe kwa uzito ili usafirishwe kwenda Asia, lina asili moja na pafu la kamongo, ila kwa sangara limebaki kuwa chombo cha kuelea. Vijana waliowahi kufanya kazi ya kukausha mabondo walilipokea jambo hilo kwa mshangao kuliko somo lolote la mwaka.

Chura hakuhitaji kutafutwa. Mvua za kwanza zikinyesha kwenye udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga, vyura waliokuwa wamejizika kiangazi kizima hutoka kwa mamia. Moyo wa chura una atiria mbili na ventrikali moja, na vitabu hupenda kusema kwamba damu safi na damu chafu huchanganyika humo, kauli inayomwacha mwanafunzi akimhurumia chura bila sababu. Ventrikali hiyo si mfuko mtupu, bali imejaa mihimili ya misuli inayoacha mifereji kati yake, na mkunjo uliojisokota kwenye mshipa mkuu husaidia kuelekeza kila mkondo upande wake, kiasi kwamba damu huchanganyika kidogo kuliko inavyodhaniwa. Zaidi ya hayo, chura hupumua pia kwa ngozi, na damu inayotoka kwenye ngozi ikiwa na oksijeni huingia atiria ya kulia pamoja na damu ya mwili, kwa hiyo kuziita pande mbili za moyo wake safi na chafu ni kumhukumu kwa sheria ya ng'ombe. Akizama majini asivute hewa kabisa, mapafu yake hayana kazi, na ventrikali isiyo na ukuta humruhusu kupunguza damu inayokwenda huko.

Mijusi, nyoka na kobe wana atiria mbili na ventrikali ambayo kwa nje ni moja lakini kwa ndani imegawanywa na mwinuko wa misuli katika sehemu tatu zinazowasiliana. Kenge mmoja, aliyeuawa na wanakijiji kwa kosa la kula vifaranga, alionyesha mwinuko huo ukiwa umekomaa sana, na wataalamu wamepima kwamba jamii ya kenge, ambao hukimbia na kuwinda kwa nguvu kuliko mijusi wengi, huweza kuwa na shinikizo kubwa upande wa mwili na dogo upande wa mapafu ingawa ukuta wao haujakamilika. Chatu naye ana ajabu yake, na Wasukuma wanamfahamu kwa karibu kupitia Bayeye, wacheza nyoka wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu chatu wa Burma ulionyesha kwamba misuli ya ventrikali yake huongezeka kwa takriban asilimia 40 katika siku mbili tu baada ya kumeza windo kubwa, kisha hupungua tena mmeng'enyo ukimalizika. Hakuna moyo wa ng'ombe unaoweza kufanya hivyo.

Mamba hakupasuliwa darasani, kwa kuwa wanyamapori wanalindwa na sheria na mtu mwenye akili hamtafuti mamba kwa ajili ya mtihani, lakini wanafunzi wa kandokando ya ziwa walikuwa na habari zake za kutosha, nyingine za msiba. Yeye ni reptilia, na kwa mpangilio wa vitabu angepaswa kuwa na vyumba vitatu, lakini ana vinne kamili, ukuta ukizitenga ventrikali mbili bila mwanya. Ajabu ni kwamba ana aota mbili, na ile ya kushoto hutokea ventrikali ya kulia, pembeni mwa ateri ya mapafu, huku tundu dogo lililoelezwa na Mwitalia Bartolomeo Panizza mwaka 1833 likiziunganisha aota hizo karibu na shina lake. Mamba akipumua hewani, msukumo wa upande wa kushoto huwa mkubwa na damu yake huendeshwa karibu kama ya ng'ombe. Akitulia chini ya maji, vali yenye vinundu kama meno iliyo kwenye njia ya mapafu hubana, na damu ya ventrikali ya kulia hupitia aota ya kushoto kurudi mwilini bila kupelekwa kwenye mapafu yasiyopata hewa mpya. Mwenye vyumba vinne bado ameweka njia ya mchepuko, na anaifungua na kuifunga kwa kadiri ya haja.

Ndege, ambao kwa ukoo wako karibu na mamba kuliko mamba alivyo karibu na mjusi, nao wana vyumba vinne, na hapa jiko la nyumbani lilitosha. Katika moyo wa kuku, ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene sana, na vali ya kulia ni pazia la nyama tupu lisilo na nyuzi zile za ng'ombe. Aliyefuata aota kwa makini aliona kwamba kwa kuku inapinda kuelekea kulia, na kwa mbuzi inapinda kuelekea kushoto. Tofauti hiyo ndogo ni ushahidi mzito kwamba ndege na mamalia, waliotengana kiukoo zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kila mmoja aliujenga ukuta wake kivyake. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba katika kiinitete cha kuku na cha panya jeni iitwayo Tbx5 hufanya kazi kwa nguvu upande wa kushoto wa ventrikali, na ukuta huota kwenye mpaka wake, wakati kwa mjusi jeni hiyohiyo huenea ventrikali nzima. Kinachowaunganisha kuku na mbuzi ni gharama ya damu moto: miili inayojipasha joto yenyewe inataka oksijeni nyingi na shinikizo kubwa bila kuyaumiza mapafu. Wanafunzi walihesabu mapigo ya mbuzi kwa kuweka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto na kupata kati ya 70 na 90 kwa dakika. Walipojaribu kwa kuku, ambaye mapigo yake hufikia 250 hadi 300, hakuna aliyeweza kuhesabu.

Swali gumu kuliko yote halikutoka darasani. Katika kikao cha wazazi, mama mmoja muuza dagaa, ambaye mtoto wake mdogo alikuwa amekutwa na tundu kwenye ukuta wa moyo, alikuwa amesikia kwa binti yake mkubwa habari za mioyo isiyo na ukuta, akauliza, “Mwalimu, kwa hiyo mwanangu ana moyo wa chura?” Kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, takriban mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo, na tundu kati ya ventrikali ni mojawapo ya kasoro zinazoonekana zaidi. Jibu alilopewa ni kwamba chura hana tundu, ana moyo uliojengwa kwa mapafu madogo, ngozi yenye kupumua na shinikizo la chini. Mtoto ana mwili wa mamalia wenye shinikizo kubwa upande wa kushoto, kwa hiyo tundu likiwa kubwa damu husukumwa kwa nguvu kuelekea mapafuni, ambako haikutakiwa kwenda kwa wingi huo, na mtoto hupumua kwa shida, hutoka jasho akinyonya na hachukui uzito. Aliambiwa pia kwamba kila binadamu aliwahi kuwa na mchepuko: mtoto akiwa tumboni mapafu hayajaanza kazi, na damu hupita katika tundu la ukuta wa atiria, ambalo hujifunga baada ya kuzaliwa. Alama yake haipotei. Moyo wa ng'ombe mkubwa ukifunguliwa na ukuta wa atiria ukaelekezwa kwenye jua, huonekana kovu jembamba linalopitisha mwanga, na ndipo lilipokuwa tundu la ndama.

Matibabu ya kasoro hizo yanapatikana nchini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hufanya upasuaji wa watoto, na baadhi ya matundu huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kupasua kifua. Mzazi wa Shinyanga au Geita anayeona mtoto mchanga anachoka akinyonya, midomo ikiwa ya buluu au pumzi zikienda mbio, ampeleke hospitali mapema na aombe asikilizwe moyo, asiridhike na dawa ya kifua.

Kwa mwalimu mwenzake wa biolojia katika mikoa hii, mwandishi ana ombi dogo la vitendo. Moyo uagizwe machinjioni jioni ya kuamkia siku ya kuchinja, wala si asubuhi, na mchinjaji aambiwe wazi kwamba aukate pamoja na kipande cha pafu na angalau urefu wa kidole wa kila mshipa. Mkaguzi wa nyama atalazimika kuupasua ili kutafuta malengelenge ya minyoo ya tegu, na hiyo ni kazi yake isiyozuilika. Aombwe tu apasue mara moja, kwa wima, kutoka shina hadi ncha. Siku hiyohiyo wanafunzi waje na moyo wa kuku kutoka jikoni na kichwa cha sato ambacho matamvua yake hayajang'olewa, na mioyo hiyo mitatu iwekwe meza moja kabla kitabu hakijafunguliwa.